Gundi Haikushika

Bweni la Tatu, Shuleni
14 Januari

Shikamoo Mama Mdogo,

Nimefika salama, sanduku nalo limefika, ila bawaba moja imeng'oka njiani. Vyuma vya meno vinabana! Siku mbili za kwanza nilikunywa uji tu, tena kwa upande mmoja wa mdomo. Wasichana wa bweni walipanga foleni kunichungulia kama wanaochungulia kisima. Yule aliyezoea kuniita Panya ameniuliza kama vyuma vinashika stesheni za redio. Nikacheka. Unajua ninavyoficha mdomo kwa kiganja nikicheka? Juzi nilisahau kuuficha.

Sasa usikasirike. Kichuma kimoja kimetoka. Ni cha juu, kulia, jino la pili kutoka mbele. Naapa sikung'ata kitu kigumu. Nilikuwa napiga mswaki vile vile ulivyonifundisha, nikasikia kimelegea, kikabaki kinaning'inia kwenye waya kama kifungo cha shati kuukuu. Nimekizungushia ile nta uliyonipa ili kisinichubue shavu.

Nifanyeje? Tafadhali usimwambie Daktari kwanza.

Mwanao,
Kibogoyo


Kliniki
22 Januari

Kibogoyo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kati ya mgonjwa na mgonjwa, glavu moja mkononi na nyingine mfukoni. Kichuma kimoja kutoka si msiba. Huwatokea hata watoto wa wakubwa.

Ila siku sita ni mapema mno, na hilo limenikera. Meno yako niliyaandaa mwenyewe. Nilipaka asidi, nikahesabu polepole, nikaosha, nikakausha mpaka jino likawa kama chaki. Daktari akasema, "Leo ni mwanao, bandika wewe." Unajua heshima hiyo? Miaka kumi na moja nampa vifaa mkononi, siku hiyo akanipa kiti chake. Nilibandika kichuma kimoja kimoja, kila kimoja nikakimulika taa ya buluu. Nilikuwa nasali kimoyomoyo, si kwa hofu, kwa furaha tu. Marehemu mama yako angekuwepo angenicheka.

Sasa nakuuliza, na hii ni mara ya pili, maana ya kwanza nilikuuliza umekaa kitini ukatikisa kichwa. Ulipaka dawa yoyote ya kung'arisha meno kabla ya siku ile? Ya dukani, ya saluni, ya rafiki, yoyote? Dawa ile huacha hewa yake ndani ya ganda la jino. Sisi hatuioni, lakini gundi inaijua. Ukibandika kabla hazijapita wiki mbili au tatu, gundi haikomai. Juu utaiona ngumu, kumbe ndani haijashika kitu. Ndiyo maana wanaokuja kung'arisha tunawaambia waende nyumbani wakangoje.

Kama ulipaka, sema. Nitakukaripia, tutangoja, tutabandika upya, yataisha. Ila nijue. Daktari hakuwa na lazima ya kukuwekea vyuma. Alikubali kwa ajili ya uso wangu, na uso wenyewe ninao huu mmoja.

Usile vigumu. Usitafune kalamu, nakujua.

Mama Mdogo


Bweni la Tatu
3 Februari

Shikamoo Mama Mdogo,

Vimetoka vingine vitatu. Viwili juu, kimoja chini. Kimoja kilitoka darasani nikiwa nasoma kwa sauti, mwalimu akadhani nimemeza pipi. Nimevifunga vyote kwenye karatasi, viko ndani ya kopo la penseli.

Mama Mdogo, sijapaka kitu. Ningeipata wapi dawa mimi? Labda maji ya hapa. Labda gundi ilikuwa mbaya. Sijui.

Yule msichana sasa haniiti Panya, ananiita Pagale, maana nyumba yangu inabomoka kabla haijaezekwa. Nimeanza tena kufunika mdomo.

Kibogoyo


Kliniki
12 Februari

Mwanangu,

Ilibidi nimwambie Daktari. Vinne kwa mwezi mmoja haifichiki. Ameniita chumbani, akauliza swali lile lile: "Una hakika mtoto hakupaka dawa?" Nikamwambia, "Daktari, mtoto huyu nimemlea tangu ana miaka minne. Akivunja sahani huniletea vipande mkononi. Hasemi uongo." Maneno yakaishia hapo.

Akaichunguza gundi. Ni ile ile iliyotumika kwa wagonjwa wengine wote wa wiki ile, na wao hawajarudi. Akaikagua taa, taa ni nzima. Basi kilichobaki ni nini? Ni mimi. Hakusema hivyo, ni mstaarabu. Ameandika tu kwenye faili lako, akafunga kalamu.

Tangu hapo nimeanza kuuangalia mkono wangu. Jana kichuma kilinidondoka kwenye koleo mara mbili. Zamani ningesema ni utelezi. Mama yangu naye mikono ilianza kumtetemeka akiwa na umri kama wangu, mwisho akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Lakini tusijitabirie mabaya.

Likizo fupi ya Machi njoo moja kwa moja kliniki. Njoo na vile vichuma ndani ya kopo.

Mama Mdogo


Bweni la Tatu
11 Machi

Shikamoo Mama Mdogo,

Nimefika, na habari ni njema. Vyuma vinne alivyobandika Daktari vimeshika kama misumari! Nimejaribu hadi mkate mkavu (usinigombeze), havikutikisika. Waya umenyooka na meno nayasikia yakisogea, maumivu mazuri yale.

Daktari aliposema, "Leo acha, nitabandika mwenyewe," ulirudi nyuma ukashika mrija wa kunyonya mate. Nilikuangalia kwenye kioo cha ile taa kubwa ya kitini. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nimefunguliwa mdomo.

Sisi darasa la mtihani hatutarudi nyumbani Aprili. Tunabaki kambini kusoma hadi Julai, na Daktari amesema waya utangoja hadi mwisho wa Mei. Utanikumbuka?

Kibogoyo


27 Machi

Kibogoyo wangu,

Baki usome. Kukukumbuka ni kazi yangu, wewe fanya yako.

Kuanzia sasa barua zako zitume kwa sanduku la posta la Fundi, yule jirani yetu wa cherehani. La kliniki lina matatizo, barua zinapotea. Usiandike tena kule.

Mimi mzima. Kazi ni ile ile, tunaamka, tunakwenda, tunarudi. Mikono inanuka sabuni siku hizi, lakini ndiyo usafi wenyewe. Daktari anakusalimia.

Nimefurahi vyuma vimeshika. Kweli nimefurahi. Mkono mzuri ni mkono mzuri.

Mama Mdogo


Bweni la Tatu
9 Mei

Mama Mdogo,

Leo sikuamkii kwa sababu sijui kama utaitikia.

Jumamosi amerudi msichana wa bweni la pili aliyekwenda kwa Daktari kukazwa waya. Nikamuuliza, "Umemwona mama yangu mdogo, yule mrefu mwenye mwanya?" Akasema, "Hayupo. Kuna mwingine. Wanasema yule wa zamani aliachishwa tangu Machi, mikono ilikuwa inatetemeka, aliharibu vyuma vya mtoto mmoja."

Mtoto mmoja ni mimi.

Hukuharibu. Nilipaka dawa. Desemba, nilipokuwa nakuja kukusaidia kufagia na kumwaga taka kliniki, nilikuta kwenye mfuko wa taka sindano za plastiki za ile dawa ya kung'arisha ambazo wateja hawakuzimaliza. Nilichukua tatu. Nilipaka kwa kidole siku tano mfululizo, ya mwisho ikiwa jana yake tu kabla ya kukaa kitini. Meno yaliniuma hadi hewa ikiingia nilitoa machozi, wewe ukadhani naogopa vyuma. Nilisikia mtu akivaa vyuma anakaa navyo miaka miwili, nikasema basi angalau yawe meupe kwanza. Nilitaka kitu kimoja tu mwilini mwangu kiwe kizuri mara moja. Nilikuwa mjinga.

Uliponiuliza kitini, Daktari alikuwa amesimama pale. Uliponiuliza kwa barua, nilikwisha kutikisa kichwa, nikaona nikisema Daktari atavitoa vyote na wewe utaaibika. Nilidhani ninakulinda. Hapana, hata hiyo si kweli. Nilijilinda mimi. Ulipoandika kwamba kilichobaki ni wewe, niliisoma mara moja nikaikunja, nikaenda kucheza mpira wa pete. Nilicheza vizuri siku ile.

Vile vya Daktari vimeshika kwa sababu dawa ilikwisha toka kwenye meno. Ungebandika wewe Machi vingeshika hivyo hivyo. Mkono wako hauna kitu.

Nimemwandikia na Daktari. Nisamehe. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Kibogoyo


Kliniki
25 Mei

Binti,

Barua yako ya tarehe tisa nimeipata. Niliisoma mara tatu.

Ni haki yako kujua kilichotokea, kwa kuwa mama yako mdogo hakukuambia. Wiki moja baada ya wewe kurudi shuleni nilimwita. Nilimweleza kwamba vyuma vinne alivyobandika yeye viling'oka, na vinne nilivyobandika mimi vimeshika. Mdomo ule ule, gundi ile ile, taa ile ile. Kisha nilimwomba anishikie glasi iliyojaa maji. Ikamwagika. Sasa najiuliza ni nani, aliyeambiwa maneno yale, ambaye glasi isingemmwagikia. Siku ile sikujiuliza.

Hakujitetea. Alisema, "Basi, Daktari. Nisije nikamuumiza mtoto wa mtu." Aliondoka siku hiyo hiyo, akaacha aproni yake imekunjwa juu ya kiti.

Wewe ulidanganya, na ni kosa kubwa. Lakini mimi ndiye niliyesomea kazi hii. Kati ya siku aliyobandika yeye na siku niliyobandika mimi zilipita karibu wiki nane. Sikuhesabu wiki. Nilihesabu vyuma. Shahidi wangu mkubwa alikuwa neno lake kwamba wewe husemi uongo, nami nikalitumia neno hilo kumfukuzia kazi.

Nilipopata barua yako nilifunga kliniki nikaenda kwake kumwomba arudi. Nilimkuta jirani yake, fundi cherehani. Akaniambia yuko hospitali. Nimemwona. Mengine si yangu kukuandikia.

Njoo ukazwe waya kama ratiba inavyosema.

Daktari


Hospitali, Wodi ya Wanawake
1 Juni

Mwanangu,

Ni mimi, ila mwandiko ni wa Fundi. Mkono wa kulia umefungwa na wa kushoto una dripu. Fundi anaandika kama anavyoshona, mishono mirefu, kwa hiyo vumilia.

Nilipotoka kwa Daktari nilipata kazi kwenye dobi kubwa, kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni. Kule hakuna mdomo wa mtu. Nilisema hata mkono ukitetemeka, shuka halitalia. Kuna mashine ya pasi yenye magogo mawili ya moto, unaingiza shuka upande huu linatokea upande ule limenyooka. Tarehe thelathini Aprili shuka lilijikunja mwanzoni, nikapeleka mkono kulinyoosha. Wenzangu hufanya hivyo kila siku, chap, wameshautoa. Mimi niliupeleka taratibu. Nilikuwa nauchunga usitetemeke. Nilikuwa nauangalia mkono, siangalii mashine.

Vidole vitatu vimekatwa. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nimebakiwa na viwili, basi chawa wasinizoee. Fundi hakutaka kuandika utani huo, nimemlazimisha.

Nilimkataza asipige simu shuleni kwa sababu una mtihani. Kumbe barua yako ilikuwa inakuja. Alinisomea hapa kitandani, wodi nzima inasikiliza kwa kujifanya imelala. Alipofika kwenye zile sindano akaishusha karatasi. Nikamwambia, "Endelea, Fundi, uzi haujaisha." Akaendelea mpaka mwisho.

Sitakuficha: nimekasirika. Kazi ningepata nyingine. Vidole, Mungu aliviumba kumi, huenda alijua. Lakini wewe ulinifanya niuogope mkono wangu mwenyewe. Miezi miwili nilikuwa nachota maji nikiuangalia. Nilikuwa nashika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto, peke yangu, ndani ya nyumba yangu. Nilikwisha kuanza kufikiri nani atakuoshea nguo nikiwa siwezi. Na wakati huo wote wewe ulikuwa na dawa yake, neno moja tu, kwenye kopo lako la penseli.

Daktari alikuja. Alikaa kwenye benchi, akasema nafasi yangu ipo, hata kesho. Nikainua bandeji aione. Akaangalia sakafu. Kengele ya kuondoa wageni ilipolia, akaondoka.

Fundi anasema karatasi imekwisha.

Mama Mdogo


Bweni la Tatu
10 Juni

Mama Mdogo,

Nimeisoma. Nimeomba ruhusa kwa matroni, amekataa mpaka aone barua yako. Andika niruhusiwe. Sitaki mtihani. Nitatoka shule nije nikufulie, nikupikie, nikufunge vidonda. Nitamwambia Daktari avitoe hivi vyuma vyote, sivitaki mdomoni. Kila nikila navisikia. Wasichana wananiambia meno yameanza kukaa vizuri, natamani wangeniita Panya.

Sijui niandike nini kingine.

Mwanao, kama bado


Nyumbani
30 Juni

Mwanangu,

Barua hii naiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Leo ni siku ya tatu niko kwenye ukurasa huu mmoja. Usome polepole.

Nimeruhusiwa kutoka hospitali. Kila asubuhi nakwenda kubadilishiwa bandeji.

Shule huachi. Barua ya ruhusa siandiki. Vyuma hutoi. Meno yakiachwa katikati hurudi yalikotoka, na mimi sitaki vyote viwe vimepotea bure. Utakwenda kwa Daktari kila mwezi, na akikuuliza swali utamjibu.

Wewe ni mwanangu. Hilo usiliwekee "kama".

Lingine uliloomba, siku ile Fundi aliniuliza, "Niandike umemsamehe?" Nikamwambia ruka. Neno hilo sitaki liandikwe na mkono wa mtu mwingine. Jana nilijaribu kuliandika mwenyewe, na leo asubuhi tena. Nimeandika herufi nne nikasimama. Nilidhani mkono umechoka. Nimepumzika, nimekunywa chai, mkono uko sawa. Si mkono.

Julai njoo. Nisipokuwepo ufunguo uko kwa Fundi. Usije ukapiga magoti mlangoni majirani wakajaa, sina nguvu ya kumwinua mtu. Pita ndani moja kwa moja hadi uani. Kuna shuka ndani ya beseni la buluu. Kulifua nimeweza, kulikamua nimeshindwa. Nimeliacha pale.

Mama Mdogo